Dirisha lililofunguliwa na DLL: dalili, visababishi na marekebisho

Mwongozo huu ni wa anayeandika programu-jalizi za Windows kwa C au C++. Programu mwenyeji inaita LoadLibrary, DLL yako (maktaba ya msimbo inayopakiwa ndani ya programu nyingine) inaingia, nawe unataka ifungue dirisha lake yenyewe. Msimbo uliokuwa ukienda vizuri ndani ya EXE (faili ya programu yenyewe) unaanza vituko: dirisha halitokei, au linatokea na kuganda, au kila kitu ni salama mpaka siku mwenyeji anapoitoa DLL, hapo programu nzima inaanguka.

Karibu hitilafu zote zilizomo humu zinatokana na kutojua kitu ni cha nani. Klasi ya dirisha, yaani kiolezo ambacho dirisha huundwa kutokana nacho, ni ya moduli (EXE au DLL) iliyoisajili. Dirisha lenyewe ni la uzi (thread) uliolitengeneza. Ukali wa maandishi kwenye skrini na sura ya vitufe huamuliwa kwanza na EXE, si na wewe. Kila dalili hapa chini anza kwa kujiuliza ni yupi kati ya hao watatu amepokwa mali yake.

Vifaa vya kuwa navyo karibu: Spy++, ya kuchungulia madirisha na ujumbe wake, inayokuja na Visual Studio (ina toleo la biti 32 na la biti 64, tumia linalolingana na programu unayoichungulia), Process Explorer, dumpbin, na Event Viewer. Pia jizoeze kusoma GetLastError (namba ya kosa la mwisho) kwenye mstari uleule unaofuata wito ulioshindwa, kabla hata ya kuchapisha chochote kwenye logi. Wito wowote wa katikati unaweza kuifuta namba uliyoihitaji.

DLL yenyewe haiingii

Hapa hakuna dirisha bado, lakini wengi huanza kukagua dirisha. Angalia kwanza kama LoadLibrary imerudisha NULL, kisha soma namba.

126 ina maana moduli haikupatikana. Mara nyingi faili yako ipo. Kinachokosekana ni DLL nyingine ambayo yako inaitegemea. Kisa cha kila siku ni VCRUNTIME140.dll: kwenye mashine yako ipo kwa sababu una Visual Studio, kwa mteja haipo. Ukiona inatafutwa VCRUNTIME140D.dll, yenye D mwishoni, umempelekea mteja toleo la Debug. Faili hiyo hairuhusiwi kusambazwa, kwa hiyo usihangaike kuipeleka. Jenga upya kwa Release.

193 ni biti kugongana. EXE ya biti 32 haipakii DLL ya biti 64, wala kinyume chake, na hakuna mpangilio wa kulazimisha.

127 hutoka kwa GetProcAddress: DLL imeingia ila jina la kazi (function) halionekani. Kompaila ya C++ imelipamba jina. Weka `extern "C"`, na kwenye biti 32 ongeza faili ya .def, kwa maana `__stdcall` huacha umbo kama `_Fungua@4` hata baada ya hapo. `dumpbin /exports` itakuonyesha jina halisi lililotoka.

1114 ni DllMain, kazi ambayo Windows huiita DLL inapoingia au kutoka, iliyorudisha FALSE au iliyokwama njiani. Nenda kwenye sehemu ya kuganda wakati wa kupakia.

Onyo: usipakue DLL iliyokosekana kutoka tovuti zinazogawa faili mojamoja. Msimbo huo utaendeshwa ukiwa na haki zote za programu mwenyeji. Chukua kisakinishi cha Microsoft chenyewe, au simama hapo umuulize aliyetengeneza programu.

CreateWindowEx inarudisha NULL

Namba 1407, klasi haikupatikana, ndiyo inayoongoza, na kisababishi chake kikuu ni hInstance, yaani kishikio cha moduli. Ukiita `GetModuleHandle(NULL)` ukiwa ndani ya DLL, hupati kishikio cha DLL. Unapata cha EXE. Mtu anasajili klasi kwa kishikio kimoja na kuliita dirisha kwa kingine, Windows inatafuta klasi hiyo chini ya moduli isiyo yake, haioni kitu. Tumia kishikio chako mwenyewe pande zote mbili:

```
extern "C" IMAGE_DOS_HEADER __ImageBase;
HINSTANCE hMimi = (HINSTANCE)&__ImageBase;
```

Au hifadhi tu kile unachokabidhiwa kwenye DllMain. Zote mbili ni sawa.

Kuna wanaojibu kwamba wametumia kishikio cha EXE pande zote na mambo yanakwenda. Ni kweli, yanakwenda, mpaka ije programu-jalizi ya pili iliyosajili klasi ya jina lilelile, tuseme "DirishaKuu", nayo chini ya kishikio cha EXE. Atakayechelewa anapata 1410, klasi ipo tayari. Akiipuuza namba hiyo (na mifano mingi inayozunguka mtandaoni huipuuza), dirisha lake litafunguka likiendeshwa na WndProc (kazi inayopokea ujumbe wa dirisha) ya mwenzake. Nikiletewa malalamiko ya aina ya "vitufe vyangu vinafanya mambo ya programu nyingine", hapo ndipo ninapoanzia. Toa jina la kipekee lenye jina la bidhaa yako ndani, na usajili chini ya moduli yako. CS_GLOBALCLASS iache kwa kidhibiti ambacho kweli unataka moduli nyingine za mchakato huo zikitumie.

1407 pia huja kwa sababu usajili wenyewe ulishindwa kimyakimya: `cbSize` haikujazwa, au WNDCLASSEX imebaki na takataka za kumbukumbu katika sehemu ulizozisahau. Ianzishe kwa `= {}` na ukague thamani inayorudishwa na RegisterClassEx. Ni kazi ya dakika moja.

Halafu kuna NULL yenye namba 0, inayowachanganya watu kuliko zote. Windows haikukataa, ni WndProc yako iliyokataa. Ujumbe wa WM_NCCREATE ukirudishiwa 0, dirisha linaachwa papo hapo. Anayeandika WndProc inayorudisha 0 kwa kila asichokijua anajifungia mlango mwenyewe. Usichokishughulikia kipeleke DefWindowProc. WM_CREATE ikirudisha -1 inaleta matokeo hayohayo.

Ikiwa badala ya NULL unapata kuanguka ndani ya CreateWindowEx, kagua kielekezi unachokisoma kutoka GWLP_USERDATA, nafasi ya kuhifadhi data yako kwenye dirisha. Watu hudhani WM_NCCREATE ni ya kwanza kufika. Dirisha lenye fremu ya kubadili ukubwa hupokea WM_GETMINMAXINFO kabla yake, wakati kielekezi bado ni NULL. Kikague kila mara kabla ya kukitumia.

Kwa programu iliyokuwa ikifanya kazi asubuhi na kushindwa jioni, fungua Task Manager, washa safu ya vitu vya USER. Kiwango cha kawaida ni 10,000 kwa mchakato mmoja. Namba ikipanda kila unapofungua na kufunga dirisha na isirudi chini, unavujisha madirisha, menyu au ndoano (hook, kazi inayonasa ujumbe kabla haujafika). Rejista inaruhusu kuongeza kiwango hicho, lakini huko ni kuahirisha tatizo kwenye mashine ya mtu mwingine. Usimwelekeze mteja afanye hivyo.

HWND (kishikio cha dirisha) ipo, dirisha halionekani

Anza na rahisi: je, uliita ShowWindow au uliweka WS_VISIBLE? CW_USEDEFAULT hufanya kazi kwa madirisha ya WS_OVERLAPPED tu. Kwa dirisha la WS_POPUP au la mtoto unabaki na ukubwa wa sifuri. Tafuta dirisha kwa Spy++ na usome vipimo vyake: huenda liko nje ya skrini kwa sababu ulihifadhi nafasi ya skrini ya pili ambayo mteja ameshaichomoa.

Kisababishi cha nadra lakini kisicho na dawa ndani ya DLL: mwenyeji ni huduma ya Windows. Tangu Windows Vista huduma zinaendeshwa katika kikao namba 0, na mtumiaji aliyeingia haoni chochote kinachofunguliwa huko. Dirisha lipo, ila halina mtazamaji. Gawa programu mara mbili, huduma moja na programu ndogo ya mtumiaji, ziwasiliane. Kama huduma hiyo si yako, acha hapo. Umiliki wa mpango huo ni wa aliyeiandika.

Dirisha linamulika kisha linatoweka

Umelifungua ndani ya uzi mpya na kazi ya uzi huo ikaisha. Uzi ukifa, madirisha yake yote yanakufa nao. Uzi lazima ubaki kwenye kitanzi cha ujumbe, kile kinachochukua ujumbe na kuugawa kwa madirisha, mpaka dirisha lifungwe.

Dirisha jeupe, lisilojibu

Uzi usipochukua ujumbe kwa sekunde 5 hivi, Windows huweka kivuli cha dirisha mahali pake na kuandika kwamba halijibu. Kwa mpangilio wa ukawaida:

Hakuna kitanzi. Mwenyeji akiwa programu ya konsoli, hana GetMessage popote, na DLL yako ilitegemea kitanzi chake. Hakuna atakayekuendeshea, fungua uzi wako na kitanzi chako:

```
MSG m;
while (GetMessage(&m, NULL, 0, 0) > 0) {
    TranslateMessage(&m);
    DispatchMessage(&m);
}
```

Angalia ile `> 0`. GetMessage hurudisha -1 ikikosea, na `while (GetMessage(&m, hwnd, 0, 0))` iliyochujwa kwa dirisha moja hugeuka kitanzi kisichoisha mara dirisha hilo linapoharibiwa. Dalili yake ni feni ya kompyuta kuvuma baada ya dirisha kufungwa, kiini kimoja cha prosesa kikiwa kimejaa. Acha NULL kwenye nafasi ya pili.

Kazi ndefu ndani ya WndProc. Kusoma hifadhidata au mtandao palepale kwenye WM_COMMAND ni kuuziba uzi. Peleka kazi kwenye uzi mwingine, nao ukimaliza upige PostMessage kurudi.

Nyuzi mbili kusubiriana. Uzi wa mwenyeji umeita SendMessage kwenda dirishani kwako, wewe umeita SendMessage au WaitForSingleObject kumsubiri mwenyeji. Hali hii inazidi kuwa mbaya unapolifanya dirisha la mwenyeji liwe mzazi au mmiliki wa lako huku mkiwa nyuzi tofauti, kwa sababu Windows huziunganisha foleni zenu za kibodi na kipanya. Wewe ukikwama, naye haandiki tena. Ukiweza, fungua dirisha kwenye uzi uleule wa mzazi. Usipoweza, tumia PostMessage, au SendMessageTimeout pale ambapo ni lazima usubiri jibu.

WM_PAINT bila BeginPaint. Windows inaona eneo bado halijachorwa, inatuma ujumbe tena, na tena, bila kukoma.

Na kwa mwenyeji aliyeandikwa kwa C# au Python anayekupa kazi ya kuitwa baadaye: lazima aishikilie rejea yake muda wote. Kikusanya taka kikiifuta, DLL yako inaita anwani iliyokwisha kufa, na lawama zinakuja kwako.

Programu nzima inaganda wakati wa kupakia

Karibu kila mara ni kwa sababu dirisha limefunguliwa ndani ya DllMain. Wakati DllMain inaendeshwa, Windows imeshikilia kufuli ya kipakiaji (loader lock), na kazi yoyote inayohitaji kupakia moduli nyingine inaitaka kufuli hiyohiyo. Kufungua dirisha huvuta moduli za mandhari, za uandishi wa lugha mbalimbali, na ndoano za programu nyingine. Mtindo wa pili ni kuunda uzi ndani ya DllMain kisha kuusubiri: uzi mpya hauwezi kuanza mpaka upate kufuli, nawe huiachii mpaka uanze. Inaweza kufanya kazi kwenye mashine yako miezi mingi na kuganda kwa mteja mwenye kizuia virusi kinachoingiza DLL zake kila mahali.

Kagua na pale pasipoonekana: vitu vya C++ vilivyotangazwa nje ya kazi yoyote huundwa chini ya kufuli hiyohiyo. Kama kiundaji cha kimojawapo kinaita CreateWindowEx, DllMain yako inaweza kuwa tupu kabisa na bado ukakwama.

Marekebisho ni kutoa kazi mbili za wazi, tuseme `Anzisha` na `Maliza`, ambazo mwenyeji anaziita baada ya LoadLibrary na kabla ya FreeLibrary. DllMain ihifadhi kishikio na kurudisha TRUE, basi. Mwenyeji asipokupa nafasi ya wito wa kuanza, fungua dirisha kwenye wito wa kwanza wa kazi yoyote anayokuita.

Kwenye DLL_PROCESS_DETACH kagua kigezo cha tatu. Kikiwa si NULL, mchakato mzima unakufa na nyuzi nyingine zimekwisha kukatwa. Usisafishe chochote, rudi tu. Kusubiri uzi uliokwisha kufa ukiwa umeshika kufuli ndiko kunakozaa ile programu inayoonekana imefungwa ila inabaki kwenye Task Manager.

Kuthibitisha: ambatisha WinDbg, andika `~*k`, tafuta nyuzi zilizosimama ndani ya ntdll kwenye kazi zinazoanza na Ldr. Kama mojawapo ina DllMain yako chini yake, umempata.

Inaanguka baada ya FreeLibrary

Hii ndiyo hitilafu ninayoiona ikipoteza muda wa watu kuliko nyingine, kwa sababu kosa na anguko vinapishana kwa dakika nzima au zaidi. Event Viewer hutoa ushahidi mzuri: moduli yenye kosa ikiandikwa kwa jina la DLL yako likifuatwa na `_unloaded`, kuna aliyeita msimbo uliokwisha kuondoka.

Nani huyo? Kwa ukawaida ni dirisha ambalo halijaharibiwa. Mwenyeji anaita FreeLibrary, dirisha liko wazi au limefichwa tu kwa ShowWindow, kisha inatosha kipanya kupita juu yake au mandhari ya Windows kubadilika: ujumbe unatumwa kwa WndProc iliyokuwa hapo. Spy++ itakuonyesha madirisha yaliyobaki.

Wa pili ni klasi. Klasi zilizosajiliwa na EXE hufutwa programu inapokufa. Zilizosajiliwa na DLL hazifutwi DLL inapotolewa, ni juu yako kuita UnregisterClass. Aliyesajili chini ya kishikio cha EXE anapata adhabu ya ziada. DLL ikipakiwa mara ya pili, usajili unarudisha 1410, yeye anaipuuza, dirisha linaundwa na klasi ya zamani iliyobeba anwani ya zamani ya WndProc. DLL ikirudi mahali palepale kwenye kumbukumbu, huoni lolote. Ikirudi kwingine, unaanguka. Ndiyo maana tatizo hili linaitwa "la mara mojamoja" wakati halina bahati nasibu yoyote ndani yake.

Wa tatu ni uzi wako mwenyewe, ambao bado uko kwenye kitanzi chake. Wa nne ni mabaki: ndoano za SetWindowsHookEx, SetWindowSubclass (subclass, WndProc ya nyongeza) uliyoiweka kwenye dirisha la mwenyeji, na vihesabu muda vya SetTimer vyenye HWND ya NULL. Kihesabu chenye dirisha hufa na dirisha. Hicho kingine hakifi.

Mpangilio wa kutoka salama ni huu, na usiupindue:

1. Peleka WM_CLOSE kwa PostMessage. Usiite DestroyWindow kutoka uzi mwingine; itakataliwa, kwa sababu uzi hauharibu dirisha usilolitengeneza.
2. Achilia kielekezi chako kwenye WM_NCDESTROY, ujumbe wa mwisho, si kwenye WM_DESTROY.
3. Toa ndoano, RemoveWindowSubclass na KillTimer.
4. Ita UnregisterClass. Ikirudisha 1412, bado lipo dirisha la klasi hiyo. Rudi hatua ya kwanza.
5. Subiri uzi uishe, ndani ya `Maliza`, si ndani ya DllMain. Kama anayesubiri ni uzi wa mwenyeji wenye madirisha yake, asubiri kwa namna inayoendelea kupokea ujumbe, kwa MsgWaitForMultipleObjects. La sivyo utarudi kule kwenye nyuzi mbili zinazosubiriana.

Ikiwa uzi unapaswa kujimaliza wenyewe bila mtu wa kuusubiri, chukua rejea ya ziada ya DLL kwa GetModuleHandleEx kabla ya kuuanzisha, na mstari wake wa mwisho uwe `FreeLibraryAndExitThread(hMimi, 0)`. FreeLibrary ya kawaida ingemwondolea uzi msimbo anaopaswa kuurudia.

Kama DLL yako ni ya COM, DllCanUnloadNow irudishe S_FALSE wakati wowote kuna dirisha wazi.

Na kuna njia fupi, ambayo mimi siidharau: GET_MODULE_HANDLE_EX_FLAG_PIN. DLL inabaki ndani mpaka mchakato ufe, hata mwenyeji aite FreeLibrary mara ngapi. Kwa DLL ndogo iliyoweka subclass kwenye madirisha asiyoyamiliki, ambapo wengine wameweka zao juu yake na huwezi kujitoa katikati, ni uamuzi wa busara. Kwa anayetaka kubadilisha DLL huku mwenyeji akiendelea kukimbia, haifai.

Kufunga dirisha dogo kunafunga programu yote

PostQuitMessage ndani ya WM_DESTROY. Imenakiliwa kutoka mfano wa EXE. Inakatisha kitanzi cha uzi, na kama uzi ni wa mwenyeji, umemfungia yeye. Ni mpangaji anayehama na kuzima umeme wa jengo zima. Ifute. Ibaki tu pale ambapo uzi na kitanzi ni vyako.

Tab, Enter na vishale havifanyi kazi

Dialogi isiyozuia dirisha la mzazi hutegemea IsDialogMessage ndani ya kitanzi, na kitanzi cha mwenyeji hakilijui dirisha lako. Uliza kwanza kama mwenyeji ana njia rasmi ya kupitisha ujumbe kwa programu-jalizi, wengi wanayo. Asipokuwa nayo, weka ndoano ya WH_GETMESSAGE kwa uzi huo mmoja tu na uite IsDialogMessage humo. Ikirudisha TRUE, geuza ujumbe kuwa WM_NULL ili usishughulikiwe mara mbili. Njia ya tatu ni uzi wako mwenyewe, pamoja na hatari za foleni nilizozitaja juu.

Dialogi haifunguki, aikoni na menyu hazipatikani

DialogBox ikirudisha -1 na namba ikiwa kati ya 1812 na 1814, unatafuta rasilimali ndani ya EXE. Tena ni hInstance. Kwa MFC, mstari wa kwanza wa kila kazi unayoitoa nje uwe `AFX_MANAGE_STATE(AfxGetStaticModuleState());`.

Rasilimali ikiwepo na dialogi bado ikakataa, kuna kidhibiti ndani yake ambacho klasi yake haijasajiliwa. Mshukiwa wa kwanza ni kisanduku cha RichEdit: RICHEDIT50W inataka Msftedit.dll ipakiwe kabla. Wa pili ni kusahau InitCommonControlsEx. Ondoa vidhibiti kimojakimoja kwenye nakala ya dialogi mpaka ifunguke; ni njia ya kizamani na ni ya haraka.

Vitufe vya kizamani, maandishi yenye ukungu

Vitufe vya mraba vya kijivu ni Comctl32 toleo la 5. Toleo la 6 linataka manifesti, na ya DLL huwekwa kama rasilimali namba 2, si namba 1 kama ya EXE. Ongeza `ISOLATION_AWARE_ENABLED` kabla ya windows.h.

Ukungu kwenye skrini zenye nukta nyingi ni wa EXE isiyojua DPI (wingi wa nukta kwa inchi). Tangu Windows 10 toleo la 1607 kuna SetThreadDpiAwarenessContext: iite kabla ya kufungua dirisha lako, kisha urudishe hali iliyokuwepo. Kubadilisha hali ya mchakato mzima ukiwa ndani ya DLL ni utovu wa adabu, na madirisha ya mwenyeji yatavurugika.

Kichwa cha dirisha kina herufi moja tu

Umesajili kwa RegisterClassExW na kumalizia kwa DefWindowProcA. Linganisha herufi za mwisho.

Inakwenda biti 32, inaanguka biti 64

Kielekezi kimekatwa kwa `(LONG)`. Tumia SetWindowLongPtr pamoja na `(LONG_PTR)`. Usinyamazishe maonyo ya kompaila kwa kuongeza kigeuzi aina. Onyo lilikuwa likikuambia ukweli. Ukiwa hapo, hakikisha pia hakuna hitilafu ya C++ (exception) inayoachwa ivuke kutoka WndProc kwenda Windows. Ikamate humohumo.

Wakati wa kuacha na kumwita mwenye kazi yake

Acha pale ambapo mwenyeji ni programu ya mauzo, ya maabara au ya benki iliyo kazini na data za watu. Usiambatishe dibaga hapo, kwa sababu kusimamisha uzi mmoja kunaweza kukata muamala katikati. Jaribu kwenye mashine nyingine. Acha pia kizuia virusi kinapoikamata DLL yako. Usimfundishe mteja kukizima; tia faili saini ya kidijitali na uwasiliane na watengenezaji wake. Na kama anguko linatokea ndani ya moduli usiyo na msimbo wake, baada ya kupita orodha ya FreeLibrary hapo juu, kubahatisha zaidi hakutasaidia.

Utakayemwita atahitaji namba ya GetLastError na mahali ilipotokea, toleo la Windows, biti za EXE, na faili ya dampo. Task Manager inaitengeneza kwa kubofya mchakato kitufe cha kulia. Kwa mchakato wa biti 32 fungua ile iliyoko `C:\Windows\SysWOW64\taskmgr.exe`, vinginevyo dampo litakuwa gumu kusomeka. Dampo kamili lina kila kilichokuwemo kwenye kumbukumbu ya programu wakati huo, nywila na majina ya wateja yakiwemo. Lifunge kwa nenosiri, mpe mtu unayemfahamu, na usilibandike mahali pa wazi.